Viti Walivyoviacha

Darubini alikimbia. Mwanamke wa heshima zake, mthamini wa magari ya zamani mwenye ofisi yake na mhuri wake, alishuka kwenye teksi kabla haijasimama vizuri, akamwachia dereva chenji yote, akaubana mkoba kwapani na kuukata uchochoro mbiombio huku viatu vikimsaliti. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua lilikuwa bado kali. Alitaka jambo moja tu duniani: amwahi Sindano kabla Sindano hajafika nyuma ya nyumba yao.

Alikuwa amebeba habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema, ile aliyoililia miaka miwili mizima: baba yake amekubali aolewe na Sindano. Ya pili ilikuwa mbaya, na ubaya wake ulitoka kwenye kalamu yake mwenyewe.

Asubuhi ile lori lilikuwa limeingia gereji ya baba yake. Mafundi wa mjini walimwita baba huyo Bwana Milango Miwili, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kwa miaka tisa alikuwa na gari moja la kifahari la zamani, la milango miwili, refu mbele, limeinama nyuma, zuri hata likiwa halina taa. Tatizo ni kwamba kweli halikuwa na taa. Halikuwa na dashibodi wala grili, ule wavu wa mbele, na injini yake ilikuwa imepasuka. Kiwandani yalitengenezwa machache ya aina ile, na vipuri vyake usingevipata hata ungelia machozi ya damu. Lakini kiwanda hichohicho, mwaka huohuo, kilitoa ndugu yake wa milango minne, na ndugu hao wawili walifanana kila kitu kuanzia kioo cha mbele hadi bampa ya mbele. Wa milango minne walitengenezwa wengi. Walibeba wakurugenzi, halafu wakabeba familia, halafu wakawa teksi, wakachakaa. Waliobaki wazima, wenye tamaa waliwachinja ili kuwafufua wale wa milango miwili.

"Gari la milango minne ni la kazi," Bwana Milango Miwili hupenda kusema. "La milango miwili ni la moyo. Ndiyo maana moja linauzwa kwa bei ya nyumba na jingine kwa bei ya paa la nyumba." Na alipoletewa habari za Sindano, fundi wa kushona viti vya magari, alicheka na kumwambia binti yake, "Kijana wako ni milango minne, mwanangu. Imara, anafaa, sina ubaya naye. Ila hakuna mtu atakayegeuka barabarani kumtazama."

Darubini aliona dashibodi ikishushwa kwenye lori, akaitambua. Ilikuwa ya mti wa rangi ya asali, na kando ya saa palikuwa na mkwaruzo mdogo ambao Sindano aliuziba kwa nta mbele ya macho yake.

"Baba, hii imetoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyesema mezani, kwamba kwa kina yule fundi wako kuna gari limekamilika kila kitu? Nikatuma mtu kwa kaka yake. Kumbe kaka mtu tayari ana karatasi yako, imepigwa mhuri. Tukaelewana juu kwa juu." Mzee aliifuta dashibodi kwa shati lake mwenyewe. "Leo nimezaliwa upya. Na huyo Sindano wako, basi, yaishe. Nimechoka kukuona umenuna. Mwambie alete wazee wake."

Hivyo ndivyo ruhusa ilivyopatikana.

Ile karatasi aliiandika majuma mawili nyuma. Kaka mkubwa wa Sindano alikuja ofisini, mpole kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Shemeji, tunataka kujua tu thamani ya gari la marehemu baba, tugawane mirathi bila kugombana. Mdogo wangu usimwambie, bado ana uchungu." Sindano alikuwa safarini, anashona viti vya ukumbi mmoja wa sinema katika mji wa mbali. Darubini alikwenda, akalikagua gari kama anavyokagua magari yote, kwa ile lenzi yake ndogo iliyompa jina. Kisha akaandika kweli tupu: *Thamani ya gari zima ni ndogo kuliko thamani ya vipande vyake.* Akaandika na mengine. Akamwomba kaka mtu asitaje nani ameandika, na kaka mtu akaapa.

Basi sasa aliukata uchochoro, maana Sindano alikuwa amemwambia angerudi jioni ile.

Mama yake Sindano alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani, anatazama mbele bila kuona kitu. Miezi minane tangu awe mjane na bado alikaa upande mmoja wa kizingiti, kana kwamba upande wa pili una mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Afadhali umekuja." Alimshika mkono asiuachie. "Amefika tangu saa sita. Yuko huko nyuma. Hajala, hajaoga, hajaongea. Mimi nilitia sahihi, mwanangu. Kaka yake aliniambia ni karatasi ya kugawana tu. Ningejuaje?"

"Usilie, mama."

"Kaseme naye wewe. Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza."

Amechelewa. Darubini alipiga moyo konde, akazunguka nyumba.

Gari lilikuwa juu ya matofali. Sitakuficha, msomaji: kama umewahi kuona mtu unayemfahamu amelala hospitali bila meno yake, unajua Darubini aliona nini. Mbele palikuwa na shimo. Macho ya taa yameng'olewa, grili haipo, boneti limetupwa kwenye majani, na nyaya zimekatwa kwa haraka na mtu asiyejali. Milango yote minne waliiacha, maana haiingii kwenye gari la milango miwili. Na viti pia waliviacha. Vilikuwa vimetolewa, vimepangwa ukutani juu ya vumbi, vyekundu vilivyokolea, vinang'aa.

Sindano alikuwa amekaa chini, karibu na kile kirefu cha nyuma, amejiegemeza. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, lakini vidole vyake vilikuwa vyembamba, na siku zote vilikuwa na kazi. Leo havikuwa na kazi. Alimtazama Darubini, na ule mtazamo wake, ambao kwa kawaida ulimfanya Darubini asahau alichotaka kusema, ulipita juu yake ukaenda mbali.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona, mpenzi."

"Baba aliendesha hili gari miaka thelathini kama dereva wa bosi, amevaa kofia ya watu. Alipostaafu, bosi wake akampa ufunguo. Unajua alifanya nini siku ya kwanza? Alikaa nyuma. Akamwambia mama aendeshe, na mama hajui hata kuwasha. Wakakaa hapahapa uani saa nzima, gari limesimama, mzee amekaa nyuma kama waziri." Alicheka kidogo. "Na kaka yangu ameliuza kama vyuma chakavu."

Darubini alichuchumaa, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kwenye jua lile.

"Nina habari," alisema. Alijua anakosea kuanza na hii, lakini ulimi ulikimbilia palipo rahisi. "Baba amekubali."

"Amekubali nini?"

"Sisi. Amesema ulete wazee."

Kwa mara ya kwanza Sindano alimtazama kweli. Uso wake ulifunguka, nusu tu, kisha ukasita.

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Miaka miwili mimi ni milango minne, leo nimekuwa nini?" Kisha akaelewa. Hakuwa mjinga. "Vitu vya hili gari viko kwake."

"Ndiyo."

Sindano aliokota uzi uliokatika, akauzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

"Sawa," alisema hatimaye. "Sawa. Yeye hana kosa. Mtu akiona kitu alichokitafuta miaka tisa, atanunua. Mimi pia ningenunua." Alivuta pumzi ndefu. "Kama gari la baba yangu limekwenda ili nikupate wewe, nitameza. Itanichukua muda, lakini nitameza. Nakupenda, Darubini. Sina kingine."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Kaka mtu ameapa, yeye mwenyewe angembembeleza baba yake afunge mdomo, karatasi angeichoma. Angemkumbatia mwanamume yule, wakaoana mwezi ujao, wakazaa, wakazeeka. Darubini aliiona njia ile yote mbele yake, imenyooka, akaitamani kwa uchu kama wa mtu mwenye kiu.

"Kitu kimoja tu ndicho sikielewi," Sindano aliendelea, akageuka akipapasa kiti. "Mbona viti wameviacha? Wamechukua hadi kisahani cha majivu ya sigara. Viti hivi ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani. Ngozi hii niliisaka miezi sita. Mshono huu nilirudia mara nne. Ulikuwepo, uliniona. Wewe mwenyewe ulisema hujawahi kuona kiti kizuri hivi."

"Nilisema."

"Sasa wameviacha kwenye vumbi kama takataka. Kaka anasema ni yule mthamini aliyeandika karatasi, ati ameviponda. Hataki kumtaja. Nitamtafuta huyo mtu. Simpigi, nataka tu anieleze, uso kwa uso, ameona kasoro gani."

Darubini aliachia mkono wake.

"Hakuona kasoro," alisema.

"Unajuaje?"

"Kwa sababu ni mimi."

Mahali fulani jirani alikuwa anamwaga maji kwenye karai.

"Sema tena."

"Ni mimi niliyeandika. Kaka yako alikuja akasema ni ya mirathi. Sikujua kama watalikata, naapa sikujua. Na baba nilimwambia mezani, nilikuwa nasimulia tu, nilitaka kukusifu, kwamba kwenu kuna gari zima na wewe ndiye umelitunza. Sikujua, Sindano."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Darubini alikuwa amejiandaa kwa kelele njia nzima kwenye teksi. Sindano aliuliza kwa sauti ya kazini, sauti ya fundi anayemuuliza mteja kiti kimechanika wapi.

"Kwenye viti uliandika nini? Maneno yenyewe."

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

Alifumba macho. Alikuwa anayakumbuka, kwa bahati mbaya, herufi kwa herufi.

"'Viti vimeshonwa upya. Si ngozi ya asili. Kazi ni nzuri, lakini inapunguza thamani. Toa asilimia kumi na tano.'"

"Toa asilimia kumi na tano," Sindano alirudia polepole.

"Ndivyo ilivyo kwenye kazi yetu. Watu wa magari haya wanataka ngozi ileile ya kiwandani, hata ikiwa imepasuka. Ungeacha ile ya zamani, na nyufa zake..."

"Ile niliyoing'oa."

"Ndiyo."

"Niliing'oa mbele yako. Siku ile ulikuja na chupa ya chai, ukakaa hapo, pale pale. Nikaing'oa kipande kwa kipande, nikaitupa. Ulikuwa unajua?"

Darubini alipangusa vumbi kwenye kiti kwa kiganja.

"Darubini, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha!" Sauti ilimpasuka. "Ulikuwa unaimba. Ulisema unaandaa gari la harusi yetu. Ningekwambiaje kwamba kila sindano unayopitisha inashusha bei? Nilikutazama nikasema, basi, thamani ni ya watu wengine, hiki ni chetu."

"Halafu ukaenda ukakiandika kwenye karatasi ya watu wengine."

"Niliulizwa thamani ya gari! Ningeandika uongo?"

"Mimi uliniambiaje?"

"Nilikwambia ni kizuri. Na ni kizuri kweli. Yote mawili ni kweli, Sindano. Kizuri, na kinapunguza. Ndivyo ilivyo."

Sindano alisimama, akaenda kwenye mlango mmoja wa gari, akaufungua, akaufunga. Ulifunga vizuri, kwa ule mlio mzito wa magari ya zamani. Akasimama pale, mgongo kwake.

"Ungenidanganya daima, ningekusamehe," alisema. "Watu wanadanganyana, wanaishi. Ungenambia kweli siku ile, ningenuna siku mbili, halafu ningekushukuru na kuiacha ile ngozi ya zamani. Lakini wewe usoni ulinisifu, na nilipokupa mgongo ukachukua lenzi."

"Ilikuwa kazi."

"Najua. Na ulifanya vizuri. Sikulaumu, nakuambia kweli ya Mungu. Hujakosea hata neno moja kwenye hiyo karatasi." Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia, na utulivu ule ndio uliomtisha Darubini. "Lakini nikikuoa, nitakuwa naamka kila asubuhi nakukuta unanitazama, nitajiuliza leo amenitoa asilimia ngapi. Utaniambia chakula changu kitamu, mtoto wangu mzuri, na mimi nitakuwa nasubiri karatasi. Hayo si maisha. Si yako wala yangu."

"Mimi sikuthamini hivyo! Wewe si gari!"

"Baba yako alisema ni milango minne. Ulicheka?"

"Nini?"

"Siku aliposema. Uliniambia kama mzaha, nikacheka. Wewe ulipoambiwa, ulicheka?"

Darubini alifungua mdomo. Alitaka kusema hapana. Alikuwa na haki gani tena ya kusema uongo hata mmoja mbele ya mtu huyu?

"Kidogo," alisema.

Sindano alitikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyepewa kipimo alichokuwa akikitarajia. Darubini alimwendea, akamshika shati kwa mikono miwili, akalia kifuani mwake bila aibu, na yeye akamwacha alie. Alimpapasa nywele mara moja. Kisha akaitoa mikono ya Darubini polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayefumua mshono bila kutaka kuchana kitambaa.

"Nisaidie kukibeba hiki," alisema. "Kitaharibika na vumbi. Mama atakikalia."

Wakakibeba kile kiti kirefu, yeye upande mmoja, Darubini upande mwingine. Kilikuwa kizito. Waliambiana "taratibu" na "pinda kidogo" na "nyanyua", na mtu ambaye angewasikia kutoka barabarani angedhani ni wapenzi wapya wanahamia nyumba. Wakakiingiza sebuleni kupitia mlango wa nyuma, wakakiweka chini ya dirisha.

Mama aliingia akijifuta mikono. Aliwatazama, akaona macho ya wote wawili yamevimba, akadhani wamelia wakapatana. Wazazi husoma wanachotaka kusoma. Uso wake ulichanua kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kimependeza! Kaka yake ametuma ujumbe sasa hivi, baba yako amekubali, mwanangu. Mungu mkubwa. Nilijua hili gari haliwezi kuondoka bure." Akapiga makofi mara moja. "Kaeni basi. Kaeni wote wawili niwaone. Marehemu alisema siku yenu atawaendesha mwenyewe, ninyi mmekaa nyuma, na kofia yake ataivaa kwa hiari kwa mara ya kwanza."

Hakuna aliyesogea.

"Kaeni, jamani. Mnamwonea haya nani?"

Sindano alikaa. Darubini akakaa. Ngozi ilikuwa laini na bado ina joto la jua.

"Mbona mmeacha nafasi ya mtu mzima katikati? Sogeeni."

Sindano alisogea. Bega lake likagusa la Darubini, akamtabasamia mama yake, tabasamu zima, la kuazima, na mama akawatazama mpaka akatosheka, machozi yakimchuruzika.

"Basi wazee niwaambie waje lini?"

"Wiki ijayo tutaongea, mama," Sindano alisema. Darubini aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia mara nyingi kwenye karakana, akiwaambia hivyo wateja ambao kazi yao hataichukua.

Kisha akainuka, akasema anakwenda kufunika gari, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama akaja akakaa mahali alipokuwa, akauchukua mkono wa Darubini akauweka mapajani mwake, akaanza kumhesabia ni shangazi yupi aalikwe na yupi asialikwe kwa sababu ya mdomo wake. Darubini aliitikia "ndiyo, mama" kwa kila jina. Alijua akisimama hatakaribishwa tena ndani ya nyumba ile, kwa hiyo aliendelea kukaa.